Picha ya Ishirini na Tatu

Mimi Mahira nina hasira za karibu. Ukiuliza habari zangu pale Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, utaambiwa hilo kabla hujaambiwa jina la babangu, na hutakuwa umeambiwa uongo. Basi ukinisikia namsifu mtu, ujue sifa hizo hazikunitoka kwa wepesi. Mtu mwenyewe ni Mejumaa, Mrabai, karani wa shule moja ya Tononoka, mke wa Kiti anayepima samaki Liwatoni. Nilimtukana mbele ya wanawake kumi na tisa, na kosa lilikuwa langu. Habari zake nitazieleza zote, hata pale zinaponiaibisha mimi, maana yeye alizificha ili nisiaibike.

Mejumaa hakuwa mpiga picha wa kazi. Hakuwa na studio wala kibanda, na hakumtoza mtu ujira. Siku za kazi alipiga taipu barua za mwalimu mkuu, Jumapili asubuhi alikwenda kanisani, na Jumamosi ilikuwa ya kamera. Alipenda picha tu, kama wengine wanavyopenda taarabu au mpira, na bidii aliyoitia humo wengi wetu hatuitii hata katika kazi za kutupa mkate.

Mjini kulikuwa na duka la vifaa vya picha, na kila Jumamosi wapenzi wa picha walikusanyika mbele ya kioo chake kutazama kamera wasizoweza kuzinunua. Msemaji wao alikuwa Ngowa, karani wa bandarini, bwana wa maneno mengi mwenye kamera mpya kuliko zote. Ilivuta filamu yenyewe, ikajilenga yenyewe, na ikalia pii kabla ya kupiga. Mwaka wa tisini na tatu Mejumaa alipofika pale na akiba yake, Ngowa alimsimamia kama wakili.

"Chukua kama hii yangu, dada. Wewe wabonyeza tu, kazi yote inafanya yenyewe."

"Sasa mimi nitakuwa nafanya nini?" Mejumaa akamuuliza.

Alichukua kamera kuukuu iliyokuwa rafu ya chini kabisa, ya chuma tupu, nzito, kila kitu chake kinazungushwa kwa mkono. Betri yake ilikuwa ya kusukuma mshale wa kupimia mwanga tu, na hata ikifa kamera inaendelea kupiga. Hakuichukua hivi hivi. Aliifungua mgongo, akaibonyeza kwa kila mwendo, wa haraka na wa polepole, sikio amelitega kusikiliza kama pazia la ndani linafunga sawasawa. Kisha akamulika lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, maana hewa yetu ya chumvi huotesha kuvu mpaka ndani ya kioo. Mwenye duka alichoka akaenda kunywa chai akarudi, naye bado anamulika. Tangu siku hiyo kamera ile ililala ndani ya debe la biskuti, juu ya kimfuko cha mchele uliokaangwa mkavu ili unyonye unyevu. Kiti alilalamika kwamba kamera inalishwa mchele mzuri kuliko yeye.

Lenzi nayo ilikuwa na kisa chake. Ngowa alimsihi anunue lenzi ndefu ya kuvuta. "Utasimama Makadara umpige mtu aliye Kibokoni, na asijue!"

"Na kwa nini asijue?" akasema Mejumaa. "Mimi nataka ajue."

Alirudi nyumbani akakata kadibodi, katikati akatoboa dirisha dogo la ukubwa wa picha moja ya filamu. Akiliweka karibu kabisa na jicho, anaona upana wa lenzi pana. Akilisogeza mbele, anaona vile lenzi ya kuvuta ingeona. Alitembea na kadibodi hiyo wiki nzima, nyumbani, ofisini, nyumbani kwa watu, akijipima hatua ngapi anaweza kurudi nyuma kabla mgongo haujagonga ukuta. Watu walidhani amepungukiwa na akili. Mwisho akajua kwamba vyumba vya watu aliotaka kuwapiga havina nafasi ya kurudi nyuma, akanunua lenzi pana, ile ya milimita thelathini na tano, ambayo ikiingia chumbani huchukua kila kilichomo. Kumbuka hilo la kuchukua kila kilichomo, kwa kuwa ndilo lililonikuta mimi.

Mamangu, Bi Nana, alimjua kwa kumtazama dirishani. Mejumaa alikuwa amesimama Ndia Kuu kwa muda, akisubiri mwanga uangukie mikono ya fundi mmoja aliyekuwa akisugua sinia la shaba. Mwanga ukaja, na papo hapo mwanamke akapita kati yao, upepo ukamvua ushungi. Mejumaa aliishusha kamera, akageuka akatazama ukuta, akakaa hivyo mpaka yule mwanamke akajisitiri akaenda zake. Alipogeuka tena mwanga ulikuwa umeshaondoka. Aliifunga kamera yake bila kununa, akaanza kwenda.

"Mahira!" mamangu akaniita, maana siku hiyo nilikuwa nimekuja kumtembelea. "Teremka tini umwite yule. Yule mwenye kamera mwenye haya."

Siku hizo harusi zetu za ndani zilikuwa na shida moja. Wanawake wanakaa wenyewe, wamevaa na kujipamba, nywele wazi, na hakuna mwanamume anayeingia. Mpiga picha wa kike ungeweza kumpata kwa kutafuta, lakini filamu ikitoka hapo inapelekwa mjini kusafishwa, na wanaosafisha ni wanaume. Familia nyingi ziliona afadhali kukosa picha kabisa. Mamangu alimkalisha Mejumaa, akamnywesha kahawa, akamweleza.

"Mimi nataka mtu ambaye picha zikipigwa, hakuna jito la mwanamume litakalozipitia. Si wakati wa kupigwa, si wakati wa kusafishwa. Filamu ina picha thelathini na sita. Nipewe thelathini na sita, zilizotoka na zilizoharibika. Waweza?"

"Naweza nikijifunza," Mejumaa akajibu. "Nipe miezi sita."

Miezi sita! Mimi nilicheka. Lakini alijifunza. Aliacha filamu ya rangi, kwa kuwa hiyo lazima iende kwenye mashine za mjini, akashika filamu nyeusi na nyeupe ambayo mtu aweza kuisafisha mwenyewe nyumbani. Choo chake kiligeuka chumba cha giza, blanketi dirishani, taa nyekundu juu, naye humo ndani anatokwa na jasho Jumapili adhuhuri. Dawa za kusafishia filamu zinataka ubaridi, na bomba la Mombasa unalijua lilivyo. Basi Kiti alikuwa akimletea barafu ya Liwatoni, ile ya kuwekea samaki, anapitisha ndoo mlangoni macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayepewa dawa chungu. "Picha zenu zote zina harufu ya changu," alikuwa akituambia, naye hajawahi kuona hata moja.

Mashine ya kukuzia picha aliinunua kwa Kusumben, mjane wa Kihindi ambaye mumewe alikuwa na studio zamani, na Kusumben akamfunza ziada: kurekebisha na kutia rangi kwa mkono. Vifaa vyake vilijaa kopo moja la maziwa. Penseli ngumu iliyochongwa kwa msasa, kipande cha wembe cha kukwangulia, brashi yenye nywele chache za kuzibia vidoa vya vumbi, tyubu za rangi za mafuta, na pamba aliyoizungusha kwenye vijiti vya kuchokolea meno. Ila kilichonishangaza mimi ni daftari. Kabla ya kila harusi alikwenda kwa fundi cherehani akaomba vipande vidogo vya kila kitambaa, akavibandika. Alimwomba mtia hina adondoshe tone la hina na tone la piko nyeusi kwenye ukurasa. Aliandika kando yake nani alivaa nini. Wiki tatu baadaye, ukiletewa picha, kijani cha hariri yako ni kijani chako mwenyewe, si kijani cha kubahatisha.

Ngowa alijaribu kumwokoa tena. Alimjia mbio siku moja kumwambia kwamba ofisi fulani ya mjini ina kompyuta inayorekebisha picha. Mtu anaketi kitini, anafuta doa, anatia rangi, hata mawingu anabadilisha.

"Na wakati anafuta," Mejumaa akauliza, "picha yangu inakuwa kwa nani?"

Kwa miaka miwili aliingia nyumba nyingi za Mji wa Kale. Kila mara utaratibu ulikuwa ule ule: siku ya kukabidhi, mama wa harusi anatandika leso nyeupe dirishani, anavipanga juu yake vile vipande vya filamu ambavyo weupe huonekana weusi na weusi weupe, anavihesabu mpaka thelathini na sita. Kisha ndipo picha zinafunguliwa. Mejumaa hakubaki na chochote. Nilimuuliza siku moja anapata nini. "Napata kuziona zikitokea," akasema. "Mimi ndimi wa kwanza."

Agosti ya tisini na sita aliolewa mdogo wangu, Muzna, akaolewa na Khubaib, kijana mzuri wa watu. Mimi nilikuwa nimetoka eda wiki mbili kabla. Mume wangu Faraj alinipa talaka baada ya miaka minane, kwa barua, akaniacha nirudi nyumbani kwa mama na sanduku langu la nguo. Kwenye harusi ya Muzna nilifanya kila kazi. Nilipika, nilipokea wageni, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kila mtu alisema, mashallah, tazama Mahira alivyo na moyo.

Alasiri ya kumpamba Muzna tulikuwa chumba cha juu. Muzna amekaa kitandani, somo wake, yule mama aliyemfunda, anamfunga kikuba cha asmini, nyuma yake lipo kabati lenye kioo cha kujitazama. Mejumaa amejibana ukutani na kamera. Mimi nimesimama mlangoni nimeshika chetezo cha udi, na wote wamempa bibi harusi macho, hakuna anayenitazama. "Muzna, tazama huku," Mejumaa akasema. Muzna akainua macho, akacheka, na kweli alipendeza mno hata mashangazi wakasahau vigelegele. Kamera ikalia. Tulijua sote kwamba hiyo ndiyo picha yenyewe.

Baada ya wiki tatu Mejumaa alileta kazi yake. Wanawake walikuwa kumi na tisa, wamekuja kwa hamu. Mamangu akatandika leso dirishani, akahesabu. Akarudia. Kisha akavua miwani.

"Thelathini na tano. I wapi moja?"

"Moja nimeikata, Bi Nana," Mejumaa akasema. "Ya ishirini na tatu. Nimeikata kwa mkono wangu. Haikutoka nyumbani kwangu, hakuna mwanamume aliyeiona na hakuna atakayeiona. Zaidi ya hapo sina la kusema."

Wakafungua picha haraka haraka kutafuta. Ile ya Muzna kuinua macho haimo. Mamangu akamuuliza kwa upole, akamuuliza tena si kwa upole. Mejumaa alisimama na mkoba wake, akarudia maneno yale yale. Angeweza kusema imeungua, au imekwama kwenye kamera, nasi tungemwamini. Hakutaka kusema uongo. Na muda wote ule hakunitazama hata mara moja.

Mimi nikawaka.

"Umempa nani? Picha nzuri kuliko zote ndiyo ipotee? Umempa yule Ngowa wako wa dukani, mkaitazame pamoja! Twakuamini, twakufungulia milango, kumbe ndivyo ulivyo!"

Kumwambia mke wa mtu "Ngowa wako" mbele ya wanawake wa Mji wa Kale! Nilijua ninachofanya. Mejumaa aliweka daftari lake mkobani, akasema, "Masalkheri, Bi Nana," akateremka ngazi.

Sitakupamba maneno yaliyofuata. Harusi mbili zilizokuwa zimemwalika zilimtumia ujumbe asije. Wanawake waliokuwa wakimwita "mwanangu" wakawa wakimwona wanavuka upande wa pili. Kiti aliulizwa Liwatoni, mbele ya mizani, kama na yeye alipata kuiona hiyo picha au imewahiwa na wenzake. Ngowa, masikini, aliacha kwenda dukani Jumamosi ili watu wasipate la kusema. Mejumaa aliirudisha kamera kwenye debe lake la mchele, akaacha kupita Ndia Kuu. Alichokuwa nacho mjini kilikuwa ni neno lake tu, na neno hilo nililivunja mimi kwa dakika moja.

Nami sikuridhika. Maneno niliyoyatupa yalimfikia Khubaib. Akaanza kumuuliza Muzna kila siku picha yake iko kwa nani, na mifukoni mwa akina nani, na Muzna akawa anakuja kwetu macho yamevimba. Miezi mitatu baada ya harusi nikajifunga buibui langu, nikaenda kwake Tononoka kuileta picha ile kwa heri au kwa shari.

Mejumaa alikuwa peke yake, anapiga nguo pasi. Sikupiga hodi.

"Karibu, Mahira. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nataka picha ya mdogo wangu."

Aliweka pasi wima. "Nimekusubiri uje peke yako," akasema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

Alinipeleka kwenye chumba chake cha giza, akafunga mlango, akawasha taa nyekundu. Kutoka kwenye bahasha alitoa kipande kimoja kidogo cha filamu, akakitia kwenye mashine, akamulika juu ya karatasi kwa kuhesabu polepole, kisha akaizamisha karatasi kwenye sinia la dawa. Karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Kisha zikatokea nywele za Muzna, na macho yake, na kicheko chake. Nilianza kusema, "Ndiyo hii, ndiyo," na hapo kabati likaanza kutokea nyuma yake, na ndani ya kioo nikatokea mimi.

Nimeshika chetezo. Namtazama mdogo wangu. Na uso wangu ni wa kijicho. Nimejaribu miaka yote hii kuupa jina jingine, huzuni, uchovu, upweke, na vyote vilikuwemo, lakini ukiutazama ule uso hutauita kwa jina jingine. Midomo nimeibana, na macho yanataka apoteze yote aliyo nayo. Picha ile ingezunguka kwa wanawake kumi na tisa, na baadaye kwa mia. Muzna akiumwa kichwa, ni jito la Mahira. Mimba ikiharibika, ni jito la Mahira. Kwetu mwanamke akishapewa jina la hasidi, hakaribishwi tena penye bibi harusi wala penye mtoto mchanga, mpaka anakufa.

Nilikaa sakafuni.

"Nilijaribu kukutoa," Mejumaa akasema. "Nilichapa tatu. Moja nilikukwangua kwa wembe, moja nikakufunika kwa brashi, moja nikakata upande mzima wa kabati. Zote hazikufaa, nikazichoma. Na hata ningefaulu, vile vipande ni vya mamako, na kwenye kipande upo. Basi nikaikata."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Picha haipo kwa sababu gani, bila kukutaja wewe?"

"Ungeniambia mimi! Mimi peke yangu!"

"Ulikuwa umetoka eda juzi," akasema. "Niliona una mzigo wa kukutosha. Halafu ulipoanza kunitukana nikasema, ana hasira, zitapoa, atakuja."

Kisha akanipa mkasi na kile kipande. "Ni chako. Ni wewe na mimi tu tuliokiona."

Nilikikata. Nilikikata vipande vidogo kama vumbi, na ile karatasi nikaichana ikiwa bado mbichi, nikavitia vyote kwenye ndoo. Mejumaa akanifungulia mlango, akaniambia niende salama.

Nilikuwa nimefika viwanja vya Tononoka, watu wanacheza mpira na kupiga kelele, ndipo nilipojua nilichofanya. Kile kipande ndicho kilichokuwa shahidi wake. Kitu pekee ulimwenguni ambacho kingemsafisha Mejumaa kwa mamangu, kwa Khubaib, kwa wanawake wote wale, nacho alikiweka mkononi mwangu pamoja na mkasi, akijua nitafanya nini. Nilisimama pale kando ya uwanja nikalia kwa sauti, na watu wakanipisha.

Nyumbani nilimkuta mamangu anachambua mchele. Nikakaa mbele yake. Sikuwa na picha ya kumwonyesha tena, nilikuwa na mdomo tu. Nikamwambia: kioo, chetezo, uso. Nikamwambia, "Nalimwonea Muzna kijicho, mama. Siku ile alipoinua mato. Mejumaa ameikata ile picha kunisitiri mimi, nami nimempaka tope."

Mamangu hakuacha kuchambua mara moja. Aliokota chuya mbili tatu, kisha mikono yake ikatulia ndani ya ungo.

"Nalikuona, mwanangu," akasema. "Nalikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Nalidhani ni mimi peke yangu niliyekuona, nikamwomba Mungu anisahaulishe. Sikujua kama kamera pia imekuona."

Tulilia pamoja. Kisha akajifuta uso, akawa Bi Nana tena. "Ulimtukana mbele ya wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Waite."

Niliwaita. Nilibisha milango yao mmoja mmoja, na kesho yake alasiri nikasimama katika chumba kile kile nikasema yote, na Muzna amekaa kati yao. Sitakudanganya kwamba wote walinihurumia. Wapo waliosoma dua kimoyomoyo huku wananitazama, na mmoja alimfunika mtoto wake kwa mtandio. Lakini Muzna aliinuka akaja kukaa karibu yangu, bega kwa bega, akakaa hapo mpaka nilipomaliza. Jioni hiyo hiyo alimweleza mumewe, na Khubaib, ambaye sikumtarajia, alinitumia salamu.

Jumapili tulikwenda Tononoka, mamangu na mimi na Muzna, na wanawake kumi na mmoja katika wale kumi na tisa. Mejumaa alitoka na nguo zake za kanisani, majirani wakatoka kutazama mabuibui mengi yamejaa uani. Mamangu alikataa kuingia ndani. Alisema matusi yalitolewa hadharani, na radhi itaombwa hadharani. Akasimama pale juani, mwanamke mzima wa miaka sabini, akamwomba Mejumaa radhi kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, akasema kwamba amana yake ilikuwa timamu tangu siku ya kwanza. Kisha akanisukuma mbele.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea yote, nikabaki na, "Nisamehe, dada."

Mejumaa hakuwa amelia nilipomtukana. Hakulia wanawake walipomkwepa njiani. Siku ile alilia, miwani mkononi, mabega yanatikisika, na Kiti nyuma yake mlangoni hajui afanye nini.

"Nimekusamehe zamani," akasema alipoweza kusema. "Lakini nilikuwa naogopa, Mahira. Kila siku nilikuwa naamka nikiogopa kwamba leo nitachoka, niwaambie."

Mamangu alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, tukaingia ndani.